Mto Kwenye Ukurasa

Jumanne, 3 Oktoba

Leo nimekabidhiwa kompyuta. Iko kwenye stoo ya ofisi ya mto, juu ya kabati la mafaili, imefunikwa kitambaa cha meza. Bi Mkuu, anayeiongoza ofisi, alikifunua akasema, "Mwalimu, hii ndiyo seva yetu. Ina miaka minane, inakoroma mchana kutwa, lakini haijawahi kulala."

Niandike kwa nini mtu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na minne, akastaafu akiwa na afya yake, anajifungia stoo. Mwaka jana mto ulifurika mtaa wa chini kabla ya adhuhuri. Tahadhari ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa darajani, juu ya ngazi mia mbili na kumi na mbili. Dada yangu mkubwa, mshonaji, ana miaka sabini na mmoja na magoti yenye maoni yake. Hakupanda kuusoma. Walimtoa dirishani.

Nimemwomba ahamie kwangu, hataki. "Nimeshona humu miaka arobaini," aliniambia. "Sikimbizwi na uvumi. Nipe kitu ninachoweza kukisoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu. Siku kikisema toka, nitatoka. Kisiposema, usinipigie kelele."

Tumekubaliana hivyo. Mvua za msimu zinaanza katikati ya mwezi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nieleze kazi yenyewe, ili nitakaposahau nijue nilichodhani nakijua.

Seva ni kama mtunza maktaba. Ukiomba ukurasa, anakwenda kwenye rafu, anautoa, anakupa jinsi ulivyo. Ukurasa wetu wa sasa ni wa aina hiyo: karani anaandika namba za mto kila Ijumaa, na wiki nzima namba hazibadiliki hata mto ukihama. Ninachotaka ni ukurasa unaojitengeneza upya kila unapoombwa. Hapo rafuni hakuwekwi ukurasa, kunawekwa maagizo ya kuutengeneza, yaani skripti. Mtunza maktaba hawezi kuyasoma maagizo hayo. Anahitaji mkalimani, programu nyingine inayokaa pembeni yake, inayapokea, inayatekeleza, kisha inamrudishia ukurasa uliokamilika. Kazi yangu ni kumwajiri mkalimani na kuwafanya wawili hao wazungumze.

Mlinzi wa daraja atatuma kipimo kwa simu mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni. Skripti itachukua vipimo vitatu vya mwisho, itatafuta wastani, itatoa rangi. Chini ya mita 2.5, kijani. Kuanzia hapo, njano. Kuanzia 3.5, nyekundu, na nyekundu ni toka.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimeshinda nikisoma madaftari ya mlinzi wa daraja. Wote wanamwita Bwana Daraja, naye anaitika. Yuko pale miaka ishirini na sita. Mwandiko mdogo, wino wa bluu. Mto usipobadilika harudii namba, anaandika "kama jana" au "kama asubuhi". Nilipenda ubahili huo wa maneno. Nimewahi kusahihisha insha za kurasa tatu zilizosema pungufu ya hapo.

Mwenyewe hanipendi sana, nadhani. Nilipomweleza habari za simu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na daftari?" Nikasema daftari halitahitajika tena. Akasema, "Mimi nitaendelea nalo. Halihitaji chaji."

Jumatatu, 9 Oktoba

Mkalimani nimemweka. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anayetunza kompyuta za hospitali katika mji mwingine, alinielekeza kwa simu. Skripti ikakaa mahali pake. Nikampigia dada afungue.

"Naona maandishi," akasema.

"Soma."

"Kuna alama ya kuulizia. Kuna mabano. Kuna neno la Kiingereza, 'if', yaani kama, halafu mabano tena. Huu ni mto au ni mkataba wa kupanga nyumba?"

Mtunza maktaba alikuwa amempa maagizo yenyewe badala ya ukurasa. Hakuwa ameambiwa kwamba mafaili ya aina hii hupitia kwa mkalimani kwanza. Mkwe hakucheka, kwa heshima, ila nilimsikia akiacha kutafuna.

"Baba, moduli ya kumuunganisha mkalimani na seva umeiwasha?"

"Nimeiweka."

"Kuweka ni kitu kimoja. Taa nayo umeiweka darini, lakini swichi je?"

Jumanne, 10 Oktoba

Niliwasha moduli, nikaandika kwenye faili la mipangilio kwamba kila skripti ipelekwe kwa mkalimani, nikaizima seva na kuiwasha upya. Ukatokea ukurasa ule ule wa zamani wa karani. Saa tatu nzima nilitafuta kosa kwenye skripti, na halikuwapo. Ndani ya folda moja kulikuwa na kurasa mbili za mwanzo, wa zamani na wangu, na seva ina orodha ya ipi itangulie. Wa zamani ulitangulia. Nikaupeleka mwisho wa orodha.

Saa tisa alasiri, kijani, mita 1.3. Dada kaniambia, "Sasa naona mto." Nilikula vizuri.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza. Ukurasa unaonyesha 1.5, kijani.

Juu ya rangi umetokea mstari wa onyo, mkalimani akilalamika kwamba hajaambiwa tuko saa za sehemu gani ya dunia. Bi Mkuu hakuupenda. "Mgeni anayeingia sebuleni," alisema, "hapaswi kukuta nguo zimeanikwa." Nikarekebisha saa. Kisha kwenye mipangilio nikaamuru kwamba maonyo yoyote yasionyeshwe tena kwenye ukurasa, yaandikwe kimyakimya katika faili la makosa. Ndivyo inavyofanywa katika seva yoyote yenye heshima zake, na mkwe amethibitisha.

"Ila faili hilo ulisome, baba."

Nitalisoma kila Jumatatu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua. Nimesoma faili la makosa. Tupu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Bwana Daraja amekuja ofisini kulalamika. Kisanduku cha kuandikia kipimo kinamkatalia; mpaka leo alikuwa akinipigia, nami namwandikia. Nilikuwa nimekifanya kipokee tarakimu tu, na simu yake ya zamani ikileta tarakimu haileti nukta. Hawezi kuandika 1.7, anaweza 17, na mto wa mita kumi na saba ungetutoa sote mpaka Bi Mkuu. Nimekilegeza. Sasa kinapokea maandishi yoyote.

Kabla ya kuondoka alisema, "Mwalimu, onyesha vipimo vyote vitatu. Mtu aone ulikuwa wapi, uko wapi."

Nikamweleza kwamba watu wa kawaida huchanganyikiwa na namba nyingi, na kwamba wastani ni namba yenye busara kwa sababu haishtuki. Alinitazama kama mwanafunzi anayejua jibu ambalo mwalimu halijui, na ambaye kengele inakaribia kulia.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua. Faili la makosa nitalisoma kesho.

Jumanne, 24 Oktoba

Kama jana.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimekwenda kwa dada. Simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, ukurasa uko wazi mchana kutwa. Majirani wanapita dirishani wakiuliza, "Bibi, rangi gani?" naye anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Kijani." Ubao wa darajani hausomwi tena, na hata hivyo mvua inaufuta.

Fundi viatu wa jirani aliniuliza kama ni kweli nimeutengeneza mwenyewe. Dada akanijibia. "Ndiye. Alipokuwa mdogo alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati." Alisema kwa fahari, nadhani.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mvua, na radi. Ofisi haikuwa na umeme mpaka saa nane. Faili la makosa sikulisoma.

Alhamisi, 2 Novemba

Wastani unacheza. Jana mchana 2.2, jana jioni 1.5, leo 2.3. Nimemwambia Bi Mkuu kwamba Bwana Daraja huenda anakisia akiwa kibandani, mvua isimloweshe. Mto haushuki na kupanda kama mtu anayetafuta miwani yake. Bi Mkuu amesema atazungumza naye.

Jumatatu, 6 Novemba

Kama jana.

Jumatano, 8 Novemba

Njano. Vipimo vimekuja 3.3, 3.4, 3.5, wastani 3.4. Dada amefunga mzigo: nguo za wateja, vyeti, dawa, mkasi mkubwa. Kichwa cha cherehani amekilegeza skrubu ili kitoke haraka. "Ikigeuka nyekundu nakuja," amesema. "Tandika kitanda." Nimetandika.

Alhamisi, 9 Novemba

Naandika jioni. Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu mikono inataka kwenda mbio.

Saa mbili asubuhi nilifungua ukurasa. Kijani. Mita 2.3. Nje mvua ilikuwa imepungua, nikaona ni jambo linaloeleweka: mto umeshuka. Nikampigia dada mwenyewe, kabla hajanipigia. Nilimwambia, "Fungua mzigo, dada. Umeshuka." Akasema alijua tu, ana sare kumi na mbili za kumaliza. Nilimsikia akiikaza skrubu.

Saa saba kasoro simu ililia. Bwana Daraja.

"Mwalimu, mbona watu wa chini hawatoki?"

"Watoke kwa nini?"

"Tatu nukta saba. Nimetuma sasa hivi."

Nilitazama ukurasa. Kijani. "Hapa ni mbili nukta nne," nikasema.

"Wiki hii sijaandika mbili nukta chochote."

"Asubuhi uliandika ngapi?"

"Asubuhi haukuwa umeongezeka. Niliandika kama jana."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Mkalimani wangu hakuulizwa kama anajua Kiswahili. Alipewa neno mahali pa namba, na neno lisilo namba yeye hulihesabu sifuri. Tatu nukta tano, sifuri, tatu nukta saba, gawanya kwa tatu. Mto uliojaa hadi kwenye mabega ya daraja nilikuwa nimeukausha kwa kipimo kimoja, na kuutia rangi ya majani.

"Nenda kwa dada yangu," nikamwambia. "Uko karibu kuliko mimi."

"Niko kwenye ngazi tayari," akasema.

Nilipofika chini maji yalikuwa yamefika vifundoni uchochoroni, ya kahawia, yanakwenda bila kelele. Bwana Daraja alikuwa amesimama mlangoni kwa dada, kofia mkononi. Dada alikuwa ameketi kwenye cherehani, anashona.

"Mwambie huyu bwana," alisema aliponiona. "Nimemwonyesha. Kijani."

"Dada, toka."

"Ukurasa unasemaje?"

"Ukurasa umekosea."

"Umekosea au umekosea wewe?"

"Mimi."

Aliinua mguu kutoka kwenye pedali. Alichukua mkasi akakata uzi, akakunja sare aliyokuwa akiishona, akaiweka juu ya nyingine. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango. Bwana Daraja alifungua skrubu, akatoa kichwa cha cherehani, akakiweka begani kama mtoto aliyelala. Mimi nilibeba sare. Kwenye ngazi nilimshika dada mkono wa kulia na fundi viatu akamshika wa kushoto, tukapanda mia mbili na kumi na mbili, tukipumzika kila kumi, na kila tulipopita dirisha lenye watu Bwana Daraja aliita, "Tokeni. Msitazame simu." Walitoka wote. Hakuna aliyekufa. Naiandika sentensi hiyo peke yake.

Hakuna aliyekufa.

Saa kumi maji yalifika kwenye kizingiti cha juu cha dirisha lake. Meza ya kukatia, vitambaa vya wateja na mguu wa cherehani vimekwenda.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimelisoma faili la makosa. Mistari arobaini na mmoja. Wa kwanza ni wa tarehe 20 Oktoba, siku moja baada ya kukilegeza kisanduku. Mkalimani aliandika kila mara, kwa adabu, kwamba amepewa kitu kisicho namba na amekihesabu sifuri. Alilalamika mara arobaini na moja, mahali nilipomwamuru alalamikie, na mimi sikufungua mlango.

Nimerudi pia kwenye shajara hii nione siku hizo hali ilikuwaje. Tarehe 24 Oktoba na 6 Novemba nimeandika "Kama jana." Nilijua nilichokuwa namaanisha. Sasa naona ni maneno mazuri, ilimradi msomaji atazame na ukurasa uliotangulia.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimekwenda darajani kumwomba radhi Bwana Daraja, hasa kwa niliyomwambia Bi Mkuu kwamba anakisia. Kumbe Bi Mkuu alikuwa amemfikishia.

"Nilisikia," alisema. "Nikasema, mwalimu hajawahi kusimama hapa saa kumi na mbili asubuhi."

Nikasimama naye mpaka kipimo cha mchana. Anashuka ngazi ya chuma hadi kwenye kipimio, anasubiri mawimbi matano yapite, ndipo anasoma. Kibandani kuna madaftari ya miaka ishirini na sita kwenye debe lenye mfuniko. Hakuna lililolowa.

Jumanne, 14 Novemba

Dada yuko kwangu. Anashona kwa mkono. Simu ameifunika kifudifudi. Nimemweleza kosa lote tangu mwanzo, pamoja na mfano wa maktaba. Alisikiliza, akauma uzi.

"Kwa hiyo yule bwana alisema kweli tangu asubuhi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaifasiri kuwa hakuna mto."

"Ndiyo, dada."

"Nipishe kwenye mwanga."

Jumatatu, 20 Novemba

Mkwe ameshinda nami kwenye simu, akiwa kwenye mapumziko yake. Nilitaka kumkataza Bwana Daraja maneno, aandike namba tu. Mkwe akaniuliza ameandika hivyo miaka mingapi. Nikamwambia.

"Baba, hutambadilisha yeye kwa sababu ya mkalimani aliyeajiriwa mwezi jana. Mfundishe mkalimani."

Kwa hiyo: skripti ikiona "kama jana" au "kama asubuhi", inarudi nyuma kuchukua namba iliyotangulia. Ikiona neno lingine lolote pamoja na namba, inachukua namba na kulihifadhi neno. Isipoelewa kabisa, haihesabu. Inaugeuza ukurasa kuwa wa kijivu na kuandika: Hatujui, uliza darajani, na namba ya simu.

"Watu wataona hatujui kitu," alisema Bi Mkuu.

"Siku hiyo itakuwa kweli," nikamjibu.

Vipimo vyote vitatu vinaonekana, na saa zake, na maneno ya Bwana Daraja jinsi alivyoyaandika. Rangi inafuata kipimo cha juu kabisa kati ya vitatu. Wastani nimeufuta. Faili la makosa linanijia kwenye simu kila asubuhi, nitake nisitake.

Jumanne, 21 Novemba

Mita 2.9, njano. Faili la makosa: tupu. Nimelisoma mara mbili.

Jumatatu, 27 Novemba

Mita 2.1, kijani. Faili tupu. Dada amerudi kwake. Fundi viatu na mimi tumesugua tope siku tatu, kuta zina mstari wa kahawia juu ya kimo changu. Nilimkataza asirudi. Alisema tulikubaliana kuhusu kutoka, hatukukubaliana kuhusu kurudi. Cherehani imekaa juu ya meza ya kuazima. Sikuona simu kwenye kopo la vifungo. Nikamwambia ukurasa sasa umerekebishwa.

"Hata ule wa kwanza uliniambia umerekebishwa," alisema.

Jumanne, 5 Desemba

Mita 3.4, njano. Mvua tangu juzi bila kupumua. Dada hapokei simu, au ameiweka mbali. Nimemtuma fundi viatu akamwangalie. Karudi na jibu: "Anasema anashona."

Jumatano, 6 Desemba

Saa mbili asubuhi nilikuwa navaa viatu niende kumtoa kwa mikono, nikafungua ukurasa huku nafunga kamba. Nyekundu. Jana mchana, 3.4. Jana jioni, nilipokuwa nimeshafunga ukurasa, 3.6. Leo asubuhi, kwa maneno ya Bwana Daraja mwenyewe: "Kama jana, na jana ilikuwa mbaya."

Pembeni yake skripti ilikuwa imeweka 3.6.

Nilifungua mlango. Dada alikuwa barazani kwangu, ameketi juu ya mzigo, magoti ameyanyoosha, kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya beseni kwa shuka. Fundi viatu alikuwa anahema ukutani. Simu ilikuwa mkononi mwa dada, ukurasa uko wazi.

"Tumefika muda mrefu," alisema. "Tumekuacha ulale."

"Umeona nyekundu?"

"Rangi sikuitazama." Akanionyesha kwa kidole, mstari ule wa chini. "Nimemsoma yule bwana."

Nikachukua beseni, nikaliingiza ndani. Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa.